Bastola ya Shabaha: Jinsi ya Kuchagua Inayotumia Risasi Ndogo ya .22

Bastola ya shabaha ni silaha iliyoundwa kwa kazi moja tu: kutoboa karatasi iliyosimamishwa mita 10, 25 au 50 mbele ya mpigaji, tena kutoboa pale pale alipokusudia. Nyingi hutumia risasi ndogo ya .22, yenye kipenyo cha milimita 5.6, kwa sababu haina teke kubwa, bei yake ni nafuu kuliko ya risasi nyingine za bastola, na mtu anaweza kupiga nyingi kwa siku moja bila mkono kuchoka wala moyo kuanza kuiogopa. Kalangalala, kata iliyo katikati ya mji wa Geita, ni mahali ambapo watu wamezoea kuiona bastola kama ngao ya fedha na dhahabu. Bastola ya shabaha haikutengenezwa kwa hofu hiyo. Anayeichagua kwa vigezo vya bastola ya kujilinda, yaani iwe fupi, iwe nyepesi, ifichike chini ya shati, atanunua kitu kitakachomsumbua kila aendapo uwanjani, kwa kuwa karibu kila sifa ya bastola nzuri ya shabaha ni kinyume cha hizo.

Risasi ya .22 hutofautiana na ya 9 mm mahali fataki ilipo. Katika risasi ya 9 mm, fataki ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22, kemikali ya fataki imepakwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe. Pini ya bastola hupiga ukingo huo, ukingo hubonyea, kemikali huwaka, baruti hushika moto, na gesi husukuma kichwa cha risasi kupitia mtutu. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert ndiye aliyeanzisha risasi za aina hii mwaka 1845. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani iliingiza sokoni bastola yake ya kwanza ya kutumia risasi hizo mwaka 1857, na mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens ikatoa ile inayoitwa .22 Long Rifle, ambayo mpaka leo ndiyo inayojaza masanduku ya wapiga shabaha duniani kote.

Muundo huo una faida na gharama zake. Ganda lazima liwe jembamba ili ukingo ubonyee, kwa hiyo halistahimili shinikizo kubwa la gesi, na nguvu ya risasi hubaki ndogo. Kichwa chake kwa kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi, karibu theluthi moja ya kichwa cha 9 mm. Hapo ndipo utulivu wa bastola mkononi unapotoka. Ganda likishatumika ni la kutupwa, haliwezi kujazwa upya. Na kwa kuwa kemikali husambazwa kuzunguka ukingo, hutokea mara chache sehemu moja ya ukingo ikakosa kemikali, pini ikapiga hapo hapo, na risasi isiwake. Risasi za .22 hukataa mara nyingi zaidi kuliko risasi zenye fataki ya katikati, na mnunuzi alijue hilo mapema asije akailaumu bastola kwa kosa la risasi.

Wachimbaji wa Nyarugusu au Mgusu wanaopasua mwamba kwa baruti wanaijua kanuni ya kitu kilichokataa kulipuka: hakikimbiliwi. Uwanjani ni vivyo hivyo. Risasi ikikataa, mtutu hubaki umeelekea kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima kabla ya chumba cha risasi kufunguliwa, maana inaweza kuchelewa kuwaka. Na ikisikika mlio hafifu usio wa kawaida, upigaji husimama hapo hapo, bastola hutolewa risasi zote, na mtutu hukaguliwa kama kichwa cha risasi hakijakwama ndani. Risasi ya pili ikipigwa nyuma ya iliyokwama, mtutu huvimba au hupasuka.

Kabla ya jina la kiwanda na kabla ya bei, kuna leseni. Tanzania husimamia silaha za raia kwa sheria ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya mwaka 1991. Ombi la mkazi wa Kalangalala huanzia serikali ya mtaa, hupanda kupitia kamati za ulinzi na usalama, na hufika Jeshi la Polisi. Mwombaji hueleza kwa nini anataka silaha, na mwenendo wake huchunguzwa. Leseni inayotoka hutaja silaha moja mahususi pamoja na namba yake. Si ruhusa ya jumla ya kumiliki bastola yoyote. Silaha hiyo haiazimishwi kwa ndugu wala rafiki, hufungiwa mahali salama, na ikipotea polisi huarifiwa mara moja. Mwaka 2016 wamiliki wa silaha nchini waliitwa kuzihakiki, na zoezi kama hilo ndilo linaloonyesha thamani ya kutunza nyaraka tangu siku ya kwanza. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo, inayozitaka serikali ziweke alama na kumbukumbu za kila silaha. Kwa hiyo anayechagua bastola huchagua kwanza akiwa mezani, na fomu mbele yake. Asinunue wala asilipie chochote kabla ofisi ya polisi haijamweleza ni aina gani inayokubalika kwa sababu aliyoitoa.

Leseni bila uwanja haimsaidii mpiga shabaha. Risasi ya .22, pamoja na udogo wake, huweza kuruka zaidi ya kilomita 1.5, na huua. Vilima vinavyouzunguka mji wa Geita vinaonekana vitupu kwa mtu aliyesimama barabarani, lakini vina wachimbaji wadogo kwenye maduara, vina wachungaji na ng'ombe wao, vina akina mama wanaookota kuni. Hakuna kilima hapo kinachoweza kuitwa uwanja. Uwanja wa shabaha una tuta refu la udongo nyuma ya karatasi, mstari mmoja ambao wapigaji wote husimama nyuma yake, bendera nyekundu inayoonyesha kwamba risasi zinapigwa, na msimamizi ambaye neno lake halibishiwi. Nchini, viwanja vya namna hiyo kwa kawaida ni vya majeshi. Polisi, JWTZ na JKT huvitumia kwa mafunzo, na vijana wa mgambo hufundishwa humo kulenga. Katika Afrika Mashariki uwanja wa raia unaojulikana zaidi ni ule wa Kirigiti, kaunti ya Kiambu nchini Kenya, ambako wamiliki halali wa bastola hushindana. Mpenzi wa mchezo huu aulize polisi wa wilaya yake mambo matatu: wapi anaruhusiwa kupiga, umbali gani, na chini ya usimamizi wa nani. Majibu yake yataamua nusu ya uchaguzi. Bastola ya kupigia mita 50, kwa mfano, haina faida kwa mtu ambaye uwanja wake unaishia mita 25.

Shabaha ya risasi ndogo si jambo geni katika ukanda huu. Kenya ilipokwenda kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, ilikuwa na wapiga shabaha katika timu yake. Kwa upande wa bastola, mchezo wenye risasi ya .22 ambao umebaki kwenye Olimpiki ni ule wa mita 25. Wanawake waliupata wa kwao mwaka 1984 huko Los Angeles: risasi 30 za kulenga kwa utulivu, kisha 30 nyingine ambapo shabaha hujitokeza kwa sekunde 3 kila mara na mpigaji huinua mkono kutoka chini. Wanaume hupiga risasi tano tano ndani ya sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Michezo yote miwili hupigwa kwa mkono mmoja, bila darubini wala taa nyekundu ya kulengea. Sheria za mchezo huo ni kipimo kizuri hata kwa mtu asiyewaza mashindano, kwa sababu zimetokana na miongo mingi ya watu kutafuta nini kinachosaidia kupiga vizuri. Zinasema bastola isizidi gramu 1,400, mtutu usizidi milimita 153, umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma usizidi milimita 220, na kifyatulio kisiwe chepesi kuliko gramu 1,000.

Hapo kwenye vilengeo pana hesabu ambayo kila mnunuzi anapaswa kuifanya mwenyewe. Kosa la milimita moja katika kupanga kilengeo cha mbele na cha nyuma hukua kadiri risasi inavyosafiri. Vilengeo vikiwa mbali milimita 220, kosa la milimita moja huipeleka risasi pembeni kwa karibu sentimita 11 kwenye karatasi ya mita 25. Vikiwa mbali milimita 150, kosa lile lile huwa karibu sentimita 17. Kwenye kibastola kifupi chenye milimita 120 tu, ni takriban sentimita 21. Duara la pointi 10 kwenye karatasi ya kulenga kwa utulivu lina kipenyo cha sentimita 5. Tatizo la bastola fupi si mtutu mbovu. Inamnyima mpigaji nafasi ya kuliona kosa lake kabla halijatoka. Kwa mazoezi ya shabaha, mtutu wa sentimita 13 hadi 15 ndio unaofaa, na kilengeo cha nyuma kiwe cha kurekebishika kwa skrubu, juu na chini, kushoto na kulia. Kilengeo kilichochomelewa kisichosogea ni sababu tosha ya kuiacha bastola dukani.

Aina zilizopo sokoni duniani ni nyingi, lakini kwa mnunuzi wa kawaida zinagawanyika bila shida. Zipo zinazoiga bastola za kazi kwa umbo na vifungo, kama Walther P22 na Glock 44. Hizi humfaa mtu ambaye tayari ana bastola ya 9 mm yenye umbo hilo na anataka kufanyia mazoezi ya mkono kwa risasi za bei nafuu. Nyingi zina mtutu mfupi, na ubora wake kwenye karatasi una mpaka. Zipo bastola za Olimpiki zenyewe, za Pardini, Feinwerkbau, Walther au Morini, zenye mshiko wa mbao uliochongwa kufuata vidole na kifyatulio kinachorekebishwa kila upande. Ni kazi nzuri mno ya mikono na mashine, lakini ni ghali, vipuri vyake hutoka mbali, na mshiko wake hutengenezwa kwa mkono mmoja, wa kulia au wa kushoto. Zipo rivolva za .22, ambazo ni nadra kukwama na ni rahisi kuonekana kama zina risasi au hazina, sifa ambayo mwalimu wa wanaoanza huithamini sana. Kazi yake ya kupakia ni ya polepole.

Katikati ya hizo kuna kundi ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo la kwanza kuangaliwa na mtu wa Geita: bastola za nusu-otomatiki zenye mtutu uliokazwa kwenye fremu, usiosogea wakati wa kupiga, zilizotengenezwa kwa wingi na zenye uzito wa kutosha. William Ruger na Alexander Sturm walianza kiwanda chao nchini Marekani mwaka 1949 kwa bastola moja ya namna hii, wakiiuza dola 37.50. Bastola hiyo imeendelezwa hadi Mark IV iliyotoka mwaka 2016. Browning Buck Mark na Smith & Wesson SW22 Victory ziko daraja moja nayo, na Smith & Wesson Model 41, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957, iko hatua moja juu. Mtutu usiosogea hubaki umepangana na vilengeo risasi baada ya risasi. Uzito wake, wa kilo moja au zaidi kidogo, hutuliza mkono. Na kwa kuwa zimetengenezwa nyingi, vipuri na magazini si vya kutafutwa kwa tochi.

Lakini jina la kiwanda halishiki bastola. Mkono ndio unaoishika. Mikhail Margolin, mbunifu wa Kisovyeti aliyeunda moja ya bastola za .22 zilizotumika sana katika mashindano ya karne iliyopita, alikuwa kipofu, na silaha yake aliiunda kwa kupapasa. Jambo hilo linastahili kukumbukwa dukani, mahali ambapo macho hushawishika na rangi na mng'aro. Jaribio lenyewe ni fupi. Muuzaji atoe magazini, afungue chumba cha risasi na kukionyesha kitupu. Mnunuzi naye akague kwa jicho na kwa kidole. Kisha achague alama kwenye ukuta usio na mtu nyuma yake, aitazame, afumbe macho, anyanyue mkono na bastola kuelekea pale alama ilipo, halafu afumbue. Mshiko ukimfaa, vilengeo vitakuwa vimejipanga vyenyewe au karibu. Kama kilengeo cha mbele kimelala kushoto au kimezama, mshiko haumfai, na kila risasi atakayopiga itaanza kwa kulazimisha kiganja. Kidole cha shahada nacho kifike kwenye kifyatulio kwa pingili yake ya kwanza bila kugusa ubavu wa fremu. Mtu mwenye mkono mdogo asikubali kuambiwa kwamba atauzoea mshiko mnene.

Jicho lina mkono wake pia. Mtu huunganisha viganja na kuacha tundu dogo katikati, hutazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha hufumba jicho moja moja. Jicho ambalo kitu hakipotei ndilo linaloongoza. Likiwa upande mmoja na mkono wa kupigia, mambo ni mepesi. Likiwa upande wa pili, mpigaji wa bastola ana nafuu kuliko wa bunduki, maana hugeuza kichwa kidogo tu. Hata kubadilisha mkono kunawezekana. Károly Takács wa Hungaria aliumizwa vibaya mkono wake wa kulia mwaka 1938 kwa bomu la mkono lililomlipukia, akajifundisha upya kwa kushoto, na akatwaa dhahabu ya bastola ya mita 25 mjini London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952.

Baada ya mshiko huja kifyatulio, au triga kama wengi wanavyoiita, na hapo ndipo bastola nyingi za bei ya chini huanguka. Kifyatulio kizuri kina safari fupi na laini, kisha ukuta unaohisika, kisha huachia ghafla bila kukwaruza, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Kibaya huburuta, husimama, huburuta tena, na mpigaji hukiminya kwa hasira. Uzito wake si siri: mtu hufunga kitu cha kilo moja kwa uzi, hukining'iniza kwenye kifyatulio cha bastola tupu iliyoelekezwa juu mahali salama, na kuona kama kinanyanyuka bila kuachia. Kwa mazoezi, kilo moja hadi moja na nusu inatosha. Kikiwa kizito cha kilo tatu, mkono mzima hutikisika kabla risasi haijatoka. Kikiwa chepesi sana, mwanafunzi atafyatua kabla hajawa tayari. Kazi ya kukirekebisha iachiwe fundi wa silaha anayetambuliwa. Fundi wa pikipiki mwenye tupa ndogo si wa kupewa kazi hiyo, hata awe hodari namna gani.

Jambo moja huwashtua wengi waliozoea 9 mm. Bastola nyingi za .22 hazipaswi kufyatuliwa zikiwa tupu. Pini yake hupiga ukingoni, na chumba kikiwa hakina ganda, pini hugonga chuma cha mdomo wa chumba na kukitia alama. Alama ikikua, magonjwa ya kukwama na kukataa huanza. Baadhi ya bastola, zile za Ruger zikiwemo, zina kizuizi cha pini kinacholinda chumba, na kitabu cha maelezo husema wazi. Kwa zisizo nacho, mazoezi ya bila risasi hufanywa kwa risasi bandia za plastiki. Mazoezi hayo si ya kudharauliwa: mpigaji anayejifunza kuachia kifyatulio bila kilengeo cha mbele kutetereka amejifunza sehemu kubwa ya mchezo kabla hajatumia risasi hata moja.

Risasi zenyewe ni sehemu ya uchaguzi, na bastola za .22 zina matakwa yake. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja, zikifuatana kwa namba, zinaweza kupenda risasi tofauti. Risasi za mwendo wa kawaida, zinazotoka kwenye mtutu mrefu wa bunduki kwa takriban mita 325 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti, ndizo zinazotumiwa na wapiga shabaha. Zile za mwendo wa kasi hupiga kelele zaidi, husukuma vyuma vya bastola kwa nguvu, na mara nyingi hazikusanyiki vizuri kwenye karatasi. Njia ya kujua ni kuweka bastola juu ya mfuko wa mchanga, kupiga risasi tano za aina moja, kupima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kisha kurudia kwa aina nyingine. Inayokusanya tano zake mahali padogo, bila kukwama, ndiyo ya kununuliwa tena. Nchini risasi huuzwa kwa mwenye leseni, kwa silaha iliyoandikwa humo, kwa hiyo ni busara kuulizia kwanza muuzaji halali ana .22 za aina gani na huzipata mara ngapi. Bastola bora kuliko zote inayotaka risasi zisizofika Kanda ya Ziwa itakaa kabatini.

Vumbi jekundu la Geita lina neno lake katika jambo hili. Vichwa vya .22 kwa kawaida ni vya madini ya risasi pekee, vilivyopakwa nta au mafuta, na baruti yake huacha masizi mengi. Nta, masizi na vumbi vikikutana ndani ya magazini hugeuka uji mzito, na bastola iliyopiga vizuri asubuhi huanza kukwama mchana. Kwa sababu hiyo urahisi wa kuifungua una uzito kuliko unavyoonekana kwenye picha za matangazo. Bastola za Ruger za Mark I hadi III zilijulikana kwa kuwasumbua wenye nazo wakati wa kuzirudisha pamoja. Mark IV hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma ya fremu. Mnunuzi aombe afunguliwe na kufungiwa bastola mbele yake, kisha afanye mwenyewe. Mafuta yawe machache, maana mafuta mengi huita vumbi, na mtutu usisuguliwe kwa brashi ya chuma kila siku. Kinachohitaji kusafishwa zaidi ni chumba, mdomo wa mtutu na magazini. Wakati wa mvua, sanduku la kuhifadhia liwe kavu, na bastola isilazwe ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na chuma hupata kutu.

Bastola iliyotumika si ya kuogopwa. Risasi ndogo haichakazi mtutu haraka, na bastola nyingi za aina hii zina umri wa nusu karne zikiwa bado zinakusanya vizuri. Cha kukagua ni midomo ya magazini kama haijapinda, ukingo wa chumba kama hauna kidonda cha pini, na mtutu ukitazamwa kwenye mwanga: pete nyeusi katikati yake ni dalili kwamba risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake. Namba iliyopigwa kwenye chuma ifanane herufi kwa herufi na iliyo kwenye nyaraka. Namba iliyokwanguliwa au kupigwa juu ya nyingine humaliza mazungumzo. Anayeiuza bastola ya namna hiyo anauza kesi, na mahali pa taarifa hiyo ni kituo cha polisi.

Masikio na mapafu mara nyingi husahauliwa kwa sababu risasi ni ndogo. Mlio wa bastola ya .22 huweza kuzidi desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu usikivu, na uharibifu huo hautibiki. Vizibo vya masikio na miwani ya kinga huvaliwa na kila aliye uwanjani, anayepiga na anayetazama. Kisha kuna madini ya risasi yenyewe, yaliyomo kwenye kichwa na kwenye kemikali ya fataki, yanayobaki kwenye vidole, kwenye nguo na hewani. Mkoa ulioyaona madhara ya zebaki kwa wachimbaji wadogo hauhitaji kushawishiwa kwamba metali nzito huingia mwilini kimyakimya. Mpigaji hali wala havuti sigara uwanjani, hunawa kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kuondoka, na nguo zake hazifuliwi pamoja na za watoto.

Kwa anayeanza kabisa kuna mlango mwingine, nao hupuuzwa bila sababu. Bastola ya upepo ya milimita 4.5, inayopigwa mita 10, iliingia kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na hufundisha mshiko, pumzi, vilengeo na kifyatulio kwa ukali kuliko .22, kwa sababu duara lake la pointi 10 lina milimita 11.5 tu. Huko Paris mwaka 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki, akiwa na umri wa miaka 51, alitwaa fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan akitumia bastola hiyo, mkono mmoja mfukoni na miwani yake ya kawaida usoni. Nayo iulizwe polisi kabla ya kununuliwa, na nayo ielekezwe kwa adabu ile ile ya silaha yoyote.

Mkazi wa Kalangalala anayeutaka mchezo huu kwa dhati aanze na ofisi ya polisi, kisha uwanja, kisha mwalimu; apige kwa bastola za wengine chini ya usimamizi mpaka mkono wake umjulishe unataka mshiko upi na kifyatulio cha namna gani. Akifika hapo, bastola ya .22 yenye mtutu uliokazwa wa sentimita 13 hadi 15, vilengeo vya kurekebishika, kifyatulio kisafi cha kilo moja hadi moja na nusu, na risasi zinazopatikana bila kusafiri mikoa mitatu, itamtosha kwa miaka mingi. Na vizibo vya masikio avinunue kabla ya hiyo bastola.